Daftari la Afande: Mafunzo Niliyopata Kwenye Msiba wa Polisi Kata Wetu

Askari polisi akifariki, Jeshi huandika wasifu wake, na wasifu huo hufuata mtindo mmoja nchi nzima: tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma, mwaka wa kuajiriwa, mafunzo ya awali Moshi, vituo alivyopangiwa, vyeo alivyopanda, mjane na watoto aliowaacha. Unasomwa kwa dakika chache, karatasi inakunjwa, inarudi kwenye bahasha ya kaki. Stafu sajenti aliyekuwa polisi kata wetu hapa Ngamiani, Tanga, naye alisomewa wake, na hamkuwa na neno la uongo ndani yake. Ila mgeni aliyeusikiliza asingeelewa kwa nini barabara nzima ilifungwa kwa maturubai, wala kwa nini vijana wa bodaboda waliegesha pikipiki zao tangu alfajiri bila kutafuta abiria.

Kamati ya msiba ilinikabidhi mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, kazi ya kukusanya maneno ya watu wa mtaa ili nayo yasomwe siku ya kuaga mwili. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Jina la marehemu silitaji hapa, familia imeomba hivyo, na kusema kweli wengi mtaani hawakulijua. Alikuwa Afande tu. Maafande wengine walitajwa kwa majina yao.

1. Sifa za askari mwema ni mambo yaliyokuwa wajibu wake

Nilitegemea daftari lijae mbio, pingu na majambazi. Mtu wa kwanza kukaa mbele yangu alikuwa mama muuza vitumbua. Akasema: "Niliibiwa simu, nikaenda kwake, akaniandikia RB."

Nikasubiri. Kimya. "Ikawaje, mama?"

"Ndiyo hivyo, mwalimu. Akaandika. Hakuniomba hela ya karatasi."

Simu yenyewe haijapatikana hadi leo.

Wa pili alikuwa fundi baiskeli. Mwanawe alizolewa kwenye msako wa vijana wa kijiweni, na baba akakimbia huku na huko kukopa, kwa kuwa kila mtu alimwambia bila laki moja kijana hatoki. Afande alimkuta njiani na fedha mfukoni. Akamkalisha kwenye kibaraza cha watu, akamweleza kwamba mtuhumiwa wa kosa kama lile hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, la sivyo apewe dhamana, na dhamana ya polisi haina malipo. Akamtuma kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho, kisha wakaongozana kituoni. Jioni ile ile fundi alirudisha laki ya watu ikiwa nzima. "Mpaka leo namwona kama alinipa ile laki yeye," aliniambia.

Wa tatu, dada wa kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku. Aliyewahi kupeleka majeruhi hospitali anaijua PF3, ile fomu ya polisi inayotangulia matibabu ya aliyeumizwa na baadaye kuwa ushahidi wa daktari mahakamani. Kwenye kituo fulani dada yule aliambiwa fomu zimekwisha, akatoe kopi mwenyewe, na saa zile maduka yote yamefungwa. Alimpigia Afande. Afande akaja na baiskeli yake, akasimama kaunta bila kugomba na mtu, akauliza habari za watoto wa askari wa zamu, habari za mama yake, habari za mvua, mpaka fomu ikapatikana, ikajazwa, ikagongwa muhuri.

Kurasa kumi za mwanzo zilikwenda hivyo hivyo. Aliandika. Alikuja. Hakuomba mafuta ya gari. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililokuwa hisani. RB ni haki, dhamana ni haki, PF3 haiuzwi, na mabango ya kusema hivyo yamebandikwa kwenye kuta za vituo. Mtaa mzima ukimlilia mtu kwa sababu alitekeleza yaliyoandikwa ukutani, kilio hicho kinawasema wenzake kuliko kinavyomsema yeye. Nililiona hilo mapema, na likanisumbua hadi siku ya kuaga.

2. Ukitaka kumbukumbu, nenda zilipo sufuria

Chini ya turubai wanaume walinipa maneno ya msibani. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mcheshi. Ameacha pengo lisilozibika. Hilo pengo niliandikishwa mara nyingi hadi nikawa naandika PL peke yake, na aliyefuata akitaka kulisema nilikuwa nimeshaliandika.

Uani kulikuwa na habari nyingine. Wanawake walikuwa wanachambua mchele na kumenya vitunguu vya ubwabwa wa watu wasiohesabika. Nilipoingia na daftari mkononi mazungumzo yalikatika. Nikaliweka juu ya pipa la maji, nikaomba kisu. Vitunguu vilipoanza kunitoa machozi walicheka, na baada ya kucheka wakaendelea pale walipokuwa wameishia.

Mama mmoja, na hivyo ndivyo alivyotaka aandikwe, alikuwa anapigwa na mumewe. Majirani walimshauri aende kituoni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hakutaka. Mume akiwekwa ndani, nani atalipa kodi ya chumba? Afande alipata habari, hakuna ajuaye kwa nani. Hakuja na pingu wala na shauri. Alikuja jioni, amevaa sare, akapiga hodi, akaomba maji ya kunywa. Akayanywa amesimama mlangoni, taratibu, akimtazama mwenye nyumba usoni, akarudisha glasi kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata akapita tena, maji. Na iliyofuata.

"Mume wangu aliiogopa ile glasi kuliko mahakama," alisema yule mama.

"Kipigo kilikoma?"

"Kipigo kilikoma. Matusi hayakukoma."

Najua mwanasheria akilisikia hili atakunja uso, na ana haki. Kumpiga mke ni kosa la jinai, na dawati lile liliwekwa kwa sababu mambo haya yalikuwa yakimalizwa barazani kwa faida ya mpigaji. Askari anayetibu kosa kwa glasi ya maji anaweza kesho kulifunika jingine kwa kikombe cha chai. Lakini mama yule alikuwa amepiga hesabu zake, na Afande alizisikiliza kabla ya kupiga za kwake.

Uani ndiko nilikopata pia habari ya mabinti wa kidato cha nne waliokuwa wakirudi usiku kutoka masomo ya ziada, naye akiwafuata nyuma kwa baiskeli, mbali kidogo, taa ikiwa imewashwa, hadi wa mwisho aingie kwao. Baba zao walikuwa wamekaa mbele chini ya turubai. Hawakuwa na habari.

3. Aliyewahi kuona umma umekasirika hausahau

Magazeti yetu yana msemo wao, wananchi wenye hasira kali. Ukiusoma unajua kuna mtu ameuawa na hakuna atakayeulizwa. Hapa kwetu kijana alishikwa na betri ya pikipiki isiyo yake, na kabla adhuhuri haijaadhiniwa tairi lilikuwa limekwisha letwa.

Walionisimulia kisa hiki walikuwa wengi, na kila mmoja alijitoa kwenye lile kundi. Kila mmoja alikuwa anapita tu. Kwa hiyo naandika yale waliyopatana. Afande hakuwa na silaha. Aliiangusha baiskeli, akapita katikati ya watu, akalala juu ya yule kijana. Hakuhutubia. Alilala tu, kifudifudi, sare yake ya kaki kwenye tope na damu. Aliyekuwa na jiwe ikabidi achague kumpiga nani. Gari la polisi lilipofika alikuwa bado yuko chini, na kijana chini yake anapumua.

Afande alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyekulia kijijini miaka ile ya mwanzo ya 1980 sungusungu walipoibuka huko kwao na kwa Wasukuma kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria iliwatambua, na watu wengi wa kule watakuambia kwa haki kabisa kwamba walileta usingizi vijijini. Naye akisema hivyo. Babaye alikuwa mmoja wao, na Afande akiwa kwenye baraza letu la kahawa aliwasifia kwa pinde zao na filimbi zao. Halafu siku nyingine, bila kuulizwa, alisimulia habari ya bibi kizee mmoja wa kijijini kwao aliyetajwa uchawi, na wale wale wenye filimbi wakaenda. Alikuwa mtoto, aliona. Hakumaliza ile hadithi, aliomba kashata.

Ndiyo maana, nadhani, kazi ya polisi kata ilimkaa. Polisi Jamii ilianza kuhimizwa mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa ameshika nafasi ya IGP, na ndani ya mpango huo ndimo lilimokuja wazo la kila kata kuwa na askari wake anayejulikana kwa sura. Wengi waliopangiwa kazi hiyo waliiona adhabu: huna gari, huna kesi kubwa, unashinda ofisi ya mtendaji ukisuluhisha ugomvi wa mipaka ya choo. Yeye alivikalisha chini vikundi vya ulinzi shirikishi na kuvifundisha mambo mawili, kukamata bila kupiga na kuandika saa. Saa ya kumkamata mtu na saa ya kumkabidhi. Daftari zao hizo zipo hadi leo, na mwandiko wake upo pembeni kwa wino mwekundu, kama wangu ninaposahihisha insha.

4. Mabaya yake nayo yaandikwe

Kijana mmoja aliyekuwa anabeba viti aliniambia bila kukaa: "Mimi alinizaba kofi. Mbele ya demu wangu. Sikuwa na kosa."

Alikuja kuomba radhi? Hapana. Mbona umekuja kubeba viti? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Si msiba?"

Kamati ilitaka ukurasa ule utolewe, kwa kuwa msibani hatusemi mabaya. Tukakubaliana hautasomwa kwenye kipaza sauti. Kuuchana nilikataa. Daftari lililojaa malaika lisingeaminiwa na mtu yeyote wa Ngamiani, na kofi lile kijana amekaa nalo miaka yote bila pa kulipeleka. Ni nani angemwandikia RB ya kofi la Afande?

5. Kuchagua cha kusoma mbele ya wakubwa ni kazi ngumu kuliko kukusanya

Ratiba ya kuaga ilinipa dakika tano, baada ya wasifu wa Jeshi na kabla ya salamu za serikali. Maana yake visa vitatu. Na mstari wa mbele, kwenye viti vya kitambaa, walikuwa wakuu wake wa kazi.

Ningeweza kusoma mbio na pingu. Viwili vya namna hiyo nilikuwa navyo, na vingewapendeza wote. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mzima ninayemheshimu, alinivuta kando: "Mwalimu, soma lile la kumlalia mwizi, usisome la PF3. Wageni hawa wametupa gari la kupeleka mwili. Usiwavue nguo." Hoja yake ilikuwa na uzito. Gari lilikuwa safari ya Tabora, karibu kilomita 1,000 kupitia Chalinze, Dodoma na Manyoni, na familia haikuwa na uwezo wa kulikodi.

Niliisoma PF3. Sikutaja kituo, sikutaja zamu, niliisoma kama alivyoisimulia yule dada, pamoja na habari za mvua. Umati ulianza kucheka mle mle katikati ya simanzi, kwa kuwa kila mtu alimwona Afande amesimama pale kaunta akiuliza hali ya mama wa mtu. Mstari wa mbele walitazama viatu vyao. Nyuma kabisa, kwenye kundi la makonstebo waliokuja kubeba jeneza, mmoja alikuwa anacheka kuliko raia wote, hadi mwenzake akamkanyaga.

Yule konstebo alinitafuta baadaye, amevua kofia. Akaniambia kazini walimwita Padri, na halikuwa jina la heshima. Alikuwa akiingia chumba cha zamu mazungumzo yanageuka. Safari zenye posho hakupangiwa. "Na sisi tuliomwita hivyo," akasema, "kila mmoja alipopata shida ya kwake alikwenda kumkopa yeye." Akaniomba hilo niliandike, kisha akaomba nisiandike jina lake. Nimetimiza yote mawili.

6. Mtani anaruhusiwa pasiporuhusiwa mtu

Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara iliyoshuka kutoka bara hadi pwani kwa miguu. Hapa Tanga Wazigua hawana shida ya kupatikana. Jeneza lilipoinuliwa, mzee mmoja alijitokeza langoni amevaa kofia ya polisi aliyoikata kwenye boksi la sabuni, filimbi mdomoni, mkanda wa kamba ya katani. Akapiga filimbi. "Simama hapo! Mzigo huu una kibali?"

Askari sita wenye jeneza mabegani wakasimama kweli. Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta.

Mzee akalizunguka jeneza kama trafiki anavyozunguka basi, akainama kutazama chini, akagonga ubao. "Mnyamwezi huyu kaja kwetu na sanduku la bati, kakaa Tanga miaka yote hii, anaondoka na sanduku la mbao. Hata soda ya mtu hajanywa! Halafu mnaambiwa Wanyamwezi wana akili?" Watu wakaanguka kwa vicheko. Akageukia mstari wa mbele, akanyoosha kiganja mbele ya mkubwa kuliko wote waliokuwepo: "Huyu kaniharibia biashara. Nyinyi wenzake mnajua utaratibu. Toeni kitu kidogo mzigo upite."

Hapo vicheko vilikatika. Kila mtu alimtazama yule mkuu. Naye, namshukuru kwa hili, alijua mila. Alitabasamu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi, akaiweka kiganjani kwa mzee hadharani, mbele ya kamera za simu zote za Ngamiani. Shangwe iliyolipuka ilisikika sokoni. Mzee akaisaluti noti, akampelekea mjane, akavua kofia yake ya boksi, ndipo akalia.

Mimi nilihitaji dakika tano, daftari na ushauri wa watu wazima. Yeye alitumia filimbi.

7. Vifo vya askari havipewi uzito sawa

Liberatus Barlow, Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mwanza, alipopigwa risasi Oktoba 2012, nchi nzima ilijua. Askari wanane walipouawa Kibiti tarehe 13 Aprili 2017, wakirudi kutoka lindoni, nchi nzima ilijua, na ni haki ijue. Afande alifariki kwa presha, nyumbani, asubuhi baada ya zamu ya usiku. Gazeti halina nafasi ya presha. Hata kaburi hatunalo, liko kijijini kwao Unyamwezi. Wazee wa msikitini waliokuja kukaa barazani na padri wake siku zote za matanga walikuwa wa kwanza kuniuliza kama daftari litabaki Tanga au litasafiri na mwili. Tulitoa nakala. Nakala ikaenda.

8. Mjane ana daftari lake

Usiku wa kuamkia safari nilikwenda kumsomea mjane yote niliyoandika, nikiamini nampelekea faraja. Alisikiliza ameegemea ukuta. Nilipomaliza akauliza: "Mwalimu, hayo yote yalitokea saa ngapi?"

Nikapekua. Saa tano usiku. Saa nane. Alfajiri. Jumapili.

"Basi saa hizo mimi nilikuwa naamka kumfungulia mlango. Napasha chakula, hali. Dawa za presha ziko pale juu ya kabati, tazama zilivyobaki."

Namba ya simu ya Afande ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye banda la chipsi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, kila mtu anaijua, na hakuna aliyeipiga. Tulimpigia yeye kwa sababu alipokea. Tulimpigia kwa wizi, tukampigia kwa mbwa aliyebweka, tukampigia kwa redio ya jirani. Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi na apumzike. Chumvi alipunguza.

Sisemi sisi ndio tuliomuua. Nasema kila ukurasa wa lile daftari ulikuwa na mtu upande wa pili wa mlango aliyekuwa macho, na hakuna aliyemtaja, hata uani. Nilimuuliza angependa niandike nini. Alifikiri sana. "Andika alikuwa anakoroma," akasema. "Siku alizolala." Nikaandika.

Baada ya mazishi alirudi Tanga kufuatilia mafao, na hapo ndipo nilipoona rambirambi zina mwisho. Ubwabwa huisha siku ya tatu. Mirathi ndiyo kwanza inaanza: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za watu walio Tabora, kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kusubiri, barua ya msimamizi wa mirathi, halafu fomu za mafao zenyewe, na jina la kati la mtoto likitofautiana herufi moja unarudi mwanzo. Karani mstaafu wa mahakama anayekaa barabara yetu ndiye anayekwenda naye. Mtu huyo hakusema neno kwenye kipaza sauti wala hayumo kwenye daftari, na kwa maoni yangu amemwenzi marehemu kuliko sote tuliosema.

Askari mpya wa kata alifika wakati huo huo, kijana, mkaguzi msaidizi, ana kompyuta mpakato na viatu vinavyong'aa. Mwenyekiti wa mtaa akampa daftari asome ili ajue amekuja wapi. Alilirudisha baada ya siku chache. Alikuwa na swali moja: "Zamu yake alikuwa anampokea nani?" Mwenyekiti akatutazama sisi, sisi tukatazama kahawa.

Kisha kijana akapaka chokaa ile namba ukutani. Badala yake akabandika karatasi yenye saa za ofisi, namba ya kaunta ya kituo, na 112. Barazani kukawaka moto. Wengine wakasema huyu hatufai, ana maringo, Afande hakuwa na saa za ofisi. Nilipomtetea nilinyimwa kashata. Mtu akapendekeza mwenyekiti aende wilayani kuomba tubadilishiwe, na mwingine akamuuliza tutamwambia OCD kosa la kijana ni lipi, kwamba analala?

Mjane alikuwa anapita na bahasha yake akitoka mahakamani. Wakamwita, wakamwamkia, wakamweleza shauri lote, wakitegemea atakuwa upande wao.

"Mwacheni kijana alale," akasema. "Ila RB aandike."